Paul Ehrlich, daktari aliyezitia rangi neva

Msikilizaji, ukipimwa malaria kwa kile kipimo cha haraka kwenye zahanati yako, iwe Iramba au Manyoni, mstari unaotokea huletwa na kingamwili. Hizo ni protini za kinga, na kila moja hunasa kitu chake tu, kama ufunguo na kufuli. Miongoni mwa walioanza kulieleza jambo hili ni Paul Ehrlich.

Alizaliwa Machi 14, 1854 huko Strehlen, wakati huo Prussia, leo Poland. Tangu akisomea udaktari alishinda na rangi za kiwandani, zile za kutia nguo, akizijaribu kwenye viungo vya wanyama. Miaka ya 1880 akaona ajabu: rangi ya bluu ya methilini, ikitiwa kwa mnyama aliye hai, hushika neva, yaani mishipa ya fahamu. Akawaza, kama rangi inajua pa kwenda, kwa nini dawa isijue? Kifua kikuu kilimpata, akaenda Misri kujiuguza, akapona. Mwaka 1891 akawapa rangi hiyo hiyo wagonjwa wawili wa malaria, wakapata nafuu. Tuzo ya Nobel aliipata 1908 kwa kazi ya kinga ya mwili.

Lakini dawa hukosea njia pia. Mwaka 1906 na 1907, Robert Koch, aliyewahi kuwa mkuu wake kazini, alitibu malale visiwani Sese, Ziwa Victoria, kwa Atoxyl, dawa yenye sumu ya aseniki. Baadhi ya wagonjwa walipofuka. Dawa ilikuwa imeharibu neva za macho. Hao watu wa Sese hutajwa kwa nadra mno. Ehrlich na wenzake wakajaribu mamia ya michanganyiko kutafuta iliyo salama zaidi, hadi namba 606, iliyouzwa 1910 kwa jina la Salvarsan. Ilitibu kaswende.

Alifariki Agosti 20, 1915. Mwaka 1941 Mmarekani Albert Coons na wenzake walibandika rangi ing'aayo kwenye kingamwili. Kwa njia hiyo maabara huweza kutafuta protini ndani ya seli ya neva. Ubongo wa mbwa anayeshukiwa kichaa hupimwa hivyo: protini ya kirusi ikiwemo, hung'aa kwenye hadubini. Aliyeng'atwa asisubiri jibu hilo. Aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.