Joseph Fourier, mutoto wa mushonaji mwenye hesabu yake inabana video zetu

Vijana wanaofanya montaji huku Goma, Bukavu, Bunia ao Butembo wanajua vizuri ile saa ya kungojea. Video ya ndoa ao ya kwaya imekwisha kukatwa, muziki umewekwa, majina yameandikwa. Wanafinya eksporte, kiisha wanakaa kuangalia asilimia inapanda pole pole. Umeme ukienda mbele ya kufika mia, na batri haina nguvu, kazi inaanza tena upya. Kama ni jenereta, kila dakika ni mafuta, na mwenye ndoa ameisha kupiga simu mara tatu.

Katika ile saa, mashini inarudilia mara mamilioni hesabu yenye mizizi yake kwa mutu mumoja: Mufaransa Joseph Fourier, aliyekufa mwaka wa 1830, mbele hata taa ya umeme haijaingia katika nyumba za watu. Kujua maisha yake kunasaidia pia kujua wakati wetu unapotelea wapi.

Yatima wa Auxerre

Fourier alizaliwa tarehe 21 Machi 1768 katika muji wa Auxerre, inchini Ufaransa. Baba yake alikuwa mushonaji wa nguo, na nyumba ilikuwa na watoto wengi. Alipokuwa na miaka 10 hivi, mama na baba wote walikuwa wamekufa. Aliwekwa katika shule ya kijeshi ya muji, iliyoongozwa na mapadri Wabenedikto, na kule alipenda hesabu. Inasimuliwa kwamba alikuwa anaokota mabaki ya mishumaa ili asome usiku wakati wengine wamelala.

Alitaka kuwa afisa wa mizinga. Walimukatalia juu hakuwa wa ukoo wa wakubwa: wakati ule akili peke yake haikutosha, ilifaa pia jina la baba. Akaenda kwa wamonaki, lakini mapinduzi ya 1789 yalimukuta hajaweka nadhiri, na akarudia Auxerre kufundisha.

Mapinduzi yale aliyaunga mukono, na karibu yamuue. Mwaka wa 1794, wakati wa Ugaidi, alifungwa. Watu wengi waliofungwa siku zile walikatwa kichwa. Mwisho wa mwezi wa Julai mukubwa wa utawala ule, Robespierre, alianguka, na Fourier akatoka akiwa muzima. Mwaka uliofuata alikuwa Paris, kwanza kama mwanafunzi, kiisha kama mwalimu katika shule mupya ya maenjinia, École Polytechnique.

Misri, kiisha ugavana

Mwaka wa 1798 Napoleon alimuchukua kwenda Misri pamoja na wanasayansi wengine. Kule Cairo Fourier alikuwa sekretere wa taasisi ya sayansi waliyoanzisha. Tangu kurudi Ulaya mwaka wa 1801, watu waliomujua walishangaa namna alivyoogopa baridi: alikuwa anavaa nguo nzito, na chumba chake kilikuwa na moto sana.

Alitaka kuendelea kufundisha, lakini Napoleon alimupa kazi ya kuongoza jimbo la Isère, na makao yake Grenoble. Wakaaji wa jimbo hawakumukumbuka juu ya hesabu. Walimukumbuka juu ya mabwawa ya Bourgoin, maji yaliyolala na kuleta homa. Ili kuyakausha, ilimupasa kupatanisha vijiji makumi, kila kimoja na haki zake za malisho na udongo. Watu waliowahi kukaa katika mukutano wa mipaka ya mashamba wanajua hiyo ni kazi ya namna gani. Alisimamia pia barabara ya kutoka Grenoble kwenda upande wa Italia.

Na katika miaka ileile, kati ya barua za serikali na matatizo ya watu, alikuwa anatafuta jibu la ulizo moja: joto linatembea namna gani ndani ya kitu kigumu, sawa vile chuma?

Miaka 15 ya kungojea

Jibu alilipeleka Paris mwezi wa Desemba 1807. Ndani yake mulikuwa wazo kubwa. Fikiria kwaya: soprano, alto, tenori na basi wanaimba pamoja, na sikio linapokea sauti moja iliyochanganyika. Fourier alionyesha kwamba unaweza kurudi nyuma: ukichukua ile sauti iliyochanganyika, hesabu inaweza kuitenganisha katika mawimbi mepesi, kila moja na nguvu yake. Alisema inawezekana hata kwa musitari uliovunjika-vunjika.

Wakubwa wa hesabu hawakukubali. Lagrange, muzee aliyeheshimiwa sana, alipinga. Mwaka wa 1811 Fourier alituma kazi tena katika mashindano, akapata zawadi, lakini waamuzi waliandika kwamba uhakikisho wake haukutosha, na kazi haikuchapwa. Na kweli, katika sehemu zingine uhakikisho ulikosa; wengine waliomufuata njo waliumaliza.

Kiisha siasa ikaingia. Mwaka wa 1815 Napoleon alipoanguka, Fourier alipoteza cheo na malipo ya uzeeni. Mwanafunzi wake wa zamani alimupatia kazi katika ofisi ya takwimu ya Paris. Akademia ya sayansi ilimuchagua mwaka wa 1816, mufalme akakataa. Ikamuchagua tena mwaka uliofuata, na mara hii akaingia. Kitabu chake juu ya joto kilitoka mwaka wa 1822. Tangu barua ya kwanza ilikuwa miaka 15.

Kutoka joto mupaka video

Picha nayo ni kama ile kwaya. Mbingu ao ukuta mweupe unabadilika pole pole: ni mawimbi marefu. Nywele, majani na maua ya kikwembe yanabadilika haraka: ni mawimbi mafupi. Jicho letu linaona vizuri yale marefu kuliko mafupi. Basi mashini inatenganisha picha katika mawimbi, inachunga yale ya lazima, na mengi madogo-madogo inayaandika kwa kifupi ao inayatupa. Njo maana video inakuwa ndogo ya kutosha kupita ku WhatsApp bila kumaliza mega zote.

Lakini hesabu ile ilikuwa ndefu sana kwa kufanya. Mwaka wa 1965 Wamarekani wawili, Cooley na Tukey, walitoa njia ya mukato. Kwa vipimo 1,024, mahali pa kuzidisha mara zaidi ya milioni, inatosha mara kama elfu kumi. Mwaka wa 1974 Nasir Ahmed, muzaliwa wa India, pamoja na wenzake wawili, walitoa namna nyingine ya kutenganisha mawimbi, inayofaa picha zaidi. Kutoka hapo njo zilitokea picha na video nyingi za leo.

Sasa tuhesabu. Wimbo wa dakika 3, wenye picha 25 kwa sekunde, una picha 4,500. Kama ukubwa ni 1920 kwa 1080, na kila picha inakatwa vipande vya nukta 8 kwa 8, ni vipande 32,400 kwa picha moja. Kwa wimbo muzima ni zaidi ya milioni 145. Kwa kila picha mashini inatafuta pia kitu gani kimesogea tangu picha iliyotangulia, na kutafuta kule njo kunakula wakati mwingi.

Kufupisha eksporte basi ni kupunguza hesabu, ao kuipatia mutu anayeiweza zaidi. Kama video ni ya kutazamiwa ku simu, toa 1280 kwa 720: vipande vinashuka mupaka karibu milioni 65, chini ya nusu. Kama ulipiga picha 25 kwa sekunde, usitoe 50. Unaongeza kazi bila kuongeza uzuri. Ordinatere nyingi za tangu mwaka wa 2012 hivi ziko na sehemu ndogo ndani ya prosesere ao ya karte ya grafiki iliyotengenezwa juu ya kazi hii peke yake. Programu ikikuuliza nani abane video, vifaa ao programu yenyewe, chagua vifaa. Uzuri unaweza kupungua kidogo kwa uzito uleule, lakini wakati unapungua sana. Na kama ulitaka tu kukata mwanzo na mwisho, kuko programu zinazokata bila kubana tena: hapo hakuna hesabu ya kurudilia, na video inatoka katika sekunde chache.

Joto linarudi

Kuko jambo lingine ambalo wengi wanasahau, na ni lile Fourier alianza nalo. Wakati wa eksporte prosesere inafanya kazi kwa nguvu zote, inapata moto, na ikipita kipimo inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Asilimia zilizokuwa zinakimbia zinaanza kutambaa. Fourier alifundisha kwamba joto linatoka upande wa moto kwenda upande wa baridi, na linapita haraka kama tofauti ni kubwa na njia iko wazi. Ukiweka mashini juu ya kitanda, umefunga njia. Vumbi la barabara zetu likijaa katika feni, umeifunga pia. Iweke juu ya meza ngumu, inyanyue nyuma kidogo, isafishwe vumbi kila miezi michache. Hiyo haiombi franga nyingi, na mara nyingi inarudisha dakika nyingi kuliko kununua programu mupya.

Fourier alikufa Paris tarehe 16 Mei 1830, na alizikwa katika makaburi ya Père-Lachaise. Jina lake ni kati ya majina 72 ya wanasayansi na maenjinia yaliyoandikwa ku munara wa Eiffel. Hakuona filme hata moja. Alikuwa anatafuta tu namna joto linapita katika chuma, na mambo hayo mawili, mawimbi yake na joto lake, njo yanaamua leo kama video ya ndoa itatoka mbele umeme haujaenda.