Msiri: Mwindaji wa Unyamwezi Aliyejenga Dola Katanga

Tabora, ambamo leo imo Kata ya Ipuli, ilikuwa njiapanda ya misafara ya karne ya 19. Katika njia hiyo alikulia Ngelengwa, aliyefahamika baadaye kwa jina la Msiri, mwana wa Kalasa, mfanyabiashara wa shaba.

Takriban mwaka 1856, Msiri alihamia Katanga. Nguvu yake haikutokana na urithi wa kiti, bali na watu aliowakusanya: wawindaji wa tembo wa Kisumbwa na Kinyamwezi, hodari wa kutumia bunduki. Wawindaji hao waliitwa Wayeke, jina lililokuja kuwa la taifa zima.

Makao yake makuu yalikuwa Bunkeya. Pembe za ndovu na shaba zilisafirishwa hadi pwani zote mbili za Afrika, na kutoka huko zikaja bunduki na baruti. Biashara hiyo iliambatana pia na utumwa, jambo lililomletea maadui wengi miongoni mwa wenyeji.

Mwaka 1891 msafara wa William Stairs, uliotumwa kwa maslahi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ulitoka Bagamoyo kupitia Tabora, njia ileile ya misafara. Msiri alikataa kuipokea bendera ya Leopold. Tarehe 20 Desemba alipigwa risasi na Kapteni Omer Bodson, ambaye naye alipigwa risasi na kufa muda mfupi baadaye.

Dola ilianguka, lakini Wayeke wangalipo Bunkeya, na lugha yao ingali ndugu wa Kisumbwa.