Rumanyika wa Karagwe: Somo la Kupima Hoja

Rumanyika, mwana wa Ndagara, alikuwa Omukama wa Karagwe katika karne ya 19. Makao yake yalikuwa Bweranyange, na nchi aliyoitawala ndiyo leo yenye wilaya za Karagwe na Kyerwa. Mwalimu afundishaye huko hana haja ya kwenda mbali kutafuta mifano ya hoja za kushawishi.

Ndagara alipofariki, wanawe waligombea utawala. Rumanyika alimsimulia mgeni wake Mwingereza, John Hanning Speke, kuwa wakuu wa nchi waliweka ngoma ndogo mbele ya ndugu watatu. Ngoma ilikuwa nyepesi, ila kwa asiyestahili ilikuwa nzito mno. Wenzake walishindwa, yeye aliinyanyua kwa kidole kidogo. Hoja hii yajizungusha: aliinua kwa kuwa alistahili, na alistahili kwa kuwa aliinua. Tena yaficha jambo. Ndugu mmoja hakukubali, vita vikazuka, na Rumanyika akasaidiwa na Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kazeh, karibu na Tabora ya leo.

Speke alifika Karagwe Novemba 1861, akapokewa kwa ukarimu mkubwa. Yeye naye alikosea, tena kosa lenye madhara zaidi. Kwa kuwa sura za watawala zilimkumbusha Wahabeshi, alidai asili yao ni Ethiopia, akamwambia mwenyeji wake kuwa ni wa ukoo wa Mfalme Daudi. Sifa hiyo ilikuwa tamu; lakini kufanana kwa sura si ushahidi wa asili. Dhana hiyo ilichapishwa kitabuni mwaka 1863, nayo dhana za namna hiyo zikaenea hata mashuleni. Nchini Rwanda wachochezi waliitumia kuwaita Watutsi wageni, na katika mauaji ya kimbari ya 1994 uchochezi huo ulichangia. Wakimbizi wengi walivuka mpaka wakaingia Kagera.

Rumanyika alikuwa bado akitawala Stanley alipomzuru mwaka 1876.

Mwalimu na awasimulie wanafunzi habari ya ngoma, kisha awaulize: Msemaji anadai nini? Ametoa ushahidi gani? Je, ushahidi huo unatufikisha kwenye dai lake? Nani atafaidika tukikubali? Baada ya hapo wapime dai la Speke kwa maswali yale yale. Mwalimu asiwatangulie kwa majibu, wala asiidharau mila yao. Kinachopimwa ni hoja.