Murnau wa Nosferatu kaniziba mdomo

Wadau, mimi ndo nilikuwa wa kwanza kuponda filamu za kutisha zinazorudiwa. Nikamsoma F. W. Murnau, nikanywea. Jamaa alizaliwa Ujerumani 1888, akarusha ndege Vita Kuu ya Kwanza, kisha 1922 akatoa Nosferatu. Hadithi yenyewe ilichotwa kwenye Dracula ya Bram Stoker bila ruhusa! Mjane wa Stoker akafungua kesi, 1925 mahakama ikaamuru kopi zote ziharibiwe. Chache zikapona. Zisingepona, Herzog angerudia nini 1979? Na Eggers 2024? Murnau mwenyewe alikufa kwa ajali ya gari Marekani 1931, ana miaka 42 tu. Ya Herzog nimeikubali, yule Kinski anatia huruma kuliko kutisha. Ya Eggers bado tunabishana hapa kafe. Nyie je?