Louis Pasteur: miaka 27 ya kazi baada ya kiharusi

Asubuhi ya tarehe 19 Oktoba 1868, mjini Paris, Louis Pasteur alihisi ganzi isiyo ya kawaida upande wa kushoto wa mwili wake. Mchana akashikwa na baridi, akalazimika kujilaza. Hata hivyo alikataa kukosa kikao cha Chuo cha Sayansi, kwa kuwa alikuwa ameahidi kusoma ripoti ya mtafiti mmoja wa Italia. Mkewe, Marie, alitafuta kisingizio cha kumsindikiza hadi mlangoni. Usiku, baada ya chakula, kiharusi kikampiga. Mkono na mguu wa kushoto vilipooza. Alikuwa na umri wa miaka 45.

Siku hizi ganzi ya upande mmoja inatosha kumpeleka mtu hospitali bila kuchelewa. Wakati ule tiba ilikuwa duni: madaktari walimbandika ruba 16 nyuma ya masikio. Ulimi ukafunguka, akili ikabaki timamu, lakini kiungo hakikusogea. Wengi waliamini kwamba hatapona. Ujenzi wa maabara yake mpya ulisitishwa, naye alipogundua ukimya wa mafundi aliumia sana, hata habari ikamfikia mfalme Napoleon III, aliyeamuru kazi iendelee.

Ili kuelewa kwa nini mgonjwa huyu hakutulia, ni lazima kukumbuka alichokiacha nusu. Tangu mwaka 1865 alikuwa akienda Alès, kusini mwa Ufaransa, ambako viwavi wa hariri walikuwa wakiteketea na wafugaji kufilisika. Katika kipindi hichohicho alimzika baba yake na binti zake wawili, Camille na Cécile. Mwingine, Jeanne, alikuwa amefariki mwaka 1859. Aligundua kwamba wadudu walikuwa na magonjwa mawili, si moja. Dawa yake ilikuwa uangalifu mtupu: kila nondo jike atage mayai peke yake, kisha apondwe na kuchunguzwa kwa hadubini, akionekana na chembe za ugonjwa, mayai yake yachomwe. Wapinzani walikuwa wengi, na ushahidi wa mwisho haukuwa umekamilika.

Kwa hiyo, wiki moja tu baada ya kupooza, usiku, akiwa kitandani, alimtolea msaidizi wake Gernez imla ya maelezo kuhusu namna ya kuwabaini mapema wadudu wenye ugonjwa wa pili. Wanafunzi na wenzake walipokezana kumlinda. Tarehe 30 Novemba aliketi kitini kwa mara ya kwanza, kwa muda wa saa moja. Januari 1869, kabla hata ya miezi mitatu kutimia, alipanda treni akiwa amelala, akaelekea Saint-Hippolyte-le-Fort, karibu na Alès.

Safari hiyo ilikuwa ya hatari, na mwandishi huyu hatampendekezea mgonjwa yeyote kuiiga. Nyumba waliyofikia ilikuwa ya baridi na unyevu. Siku moja wasaidizi wakiwa mbali, Pasteur alianguka kwenye sakafu ya mawe na kuumia. Hakurudi Paris. Aliongoza majaribio akiwa kitini au kitandani, na Marie akaandika aliyoyasema. Wakati huo hapakuwa na mpango wa mazoezi ya viungo kama tunaoujua leo. Ratiba yake ya kupona aliipanga mwenyewe, nayo ilifuata majira ya viwavi.

Mwaka huo aliwapelekea wataalamu wa hariri wa Lyon makundi manne ya mayai, akitabiri mapema kundi lipi litastawi na lipi litakufa kwa ugonjwa gani. Utabiri ukatimia. Mwishoni mwa mwaka alikwenda Villa Vicentina, karibu na Trieste, shamba la familia ya kifalme ambalo ufugaji wake ulikuwa umeshindwa kwa miaka. Chini ya uangalizi wake lilitoa faida, na hapo alikamilisha kitabu chake kuhusu maradhi ya viwavi, kilichotoka mwaka 1870.

Kupona kwake hakukuwa kamili. Mguu aliuburuta maisha yake yote, na mkono wa kushoto haukuweza tena kushughulikia vyombo vyepesi vya maabara. Mtu aliyezoea kufanya kila jaribio kwa mikono yake alilazimika kutegemea ya wengine: Roux, Chamberland na vijana wengineo. Sifa za kazi hizo ni haki yao pia, ingawa historia mara nyingi huwasahau.

Kwa namna hiyo zilipatikana chanjo ya kimeta, iliyoonyeshwa hadharani Pouilly-le-Fort mwaka 1881, na ya kichaa cha mbwa. Julai 1885, Joseph Meister, mvulana wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa, alichomwa sindano na Dkt. Grancher, kwani Pasteur hakuwa daktari.

Mwaka 1887 kiharusi kilirudi na kuudhoofisha usemi wake. Taasisi yenye jina lake ilipofunguliwa Novemba 1888, mwanawe ndiye aliyemsomea hotuba. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895. Tarehe hiyo ndiyo inayoadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.