Ngala: Kiongozi aliyenufaika na umati wa mahasimu wake

Marehemu Ronald Gideon Ngala hukumbukwa na wengi kama mtetezi wa majimbo na kinara wa chama kilichoshindwa. Kumbukumbu hiyo ni ya kweli, lakini haijakamilika. Maisha yake yanaonyesha jinsi vyama hasimu vinavyoweza kutiliana nguvu kimyakimya huku vikishutumiana hadharani.

Ngala, Mgiriama wa Kilifi, alizaliwa mwaka wa 1923. Alisomea Alliance kisha Makerere, akahitimu ualimu na kufundisha katika shule kadhaa za Pwani. Mwaka wa 1957 alikuwa miongoni mwa Waafrika wanane wa kwanza waliochaguliwa kwa kura kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria.

Chama cha KANU kilipoundwa mwaka wa 1960, jamii ndogo zilihofia kumezwa na Wakikuyu na Waluo. Juni mwaka huo viongozi wao walikutana Ngong, wakaunda KADU. Ngala akawa rais wa chama, Masinde Muliro naibu wake, na Daniel arap Moi mwenyekiti.

Katika uchaguzi wa Februari 1961, KANU ilishinda viti 19 na KADU 11. Hata hivyo, KANU ilikataa kuunda serikali hadi Jomo Kenyatta aachiliwe huru. Katika mikutano ya hadhara wafuasi wake walidai uhuru pamoja na Kenyatta. KADU nayo ilitaka Kenyatta aachiliwe, na Machi ujumbe wa vyama vyote viwili ukasafiri hadi Lodwar kumwona kizuizini.

Mwezi uliofuata Ngala alikubali kuongoza serikali ya wachache, akiungwa mkono na wajumbe wa Kizungu na wa Kiasia. KANU ilimwita msaliti. Lakini hakuingia mikono mitupu: Gavana Patrick Renison alikubali Kenyatta ajengewe nyumba Kiambu, hatua iliyoashiria kwamba kurejea kwake nyumbani kulikuwa kumekaribia.

Hapa ndipo siri ya siasa za mwaka ule ilipo. Kila mara KANU ilipojaza uwanja, Ngala alipata hoja mpya ya kumwekea gavana mezani. Iwapo serikali yake ingerudi kwa wananchi bila chochote, Mwingereza angebaki ana kwa ana na umati ule. KANU nayo, kwa kuwa ilikuwa imesusia madaraka, ilihitaji mtu wa kusukuma jambo hilo kutoka ndani. Hapakuhitajika mkataba wala kikao cha usiku. Ilitosha kila upande kutozima moto wa mwenzake. Kukiri hadharani kusingewezekana, maana mfuasi aliyeambiwa kuwa jirani yake ni adui angeuliza kwa nini wakubwa wanasaidiana.

Agosti 1961 Kenyatta alirejeshwa Gatundu, akawa huru. Viongozi wa KADU walitumaini kwamba angesimama juu ya vyama vyote na kuvipatanisha. Majaribio hayo hayakufua dafu, na Oktoba mwaka huo Kenyatta akatwaa uongozi wa KANU. Mtu ambaye serikali ya Ngala ilisaidia kumfungulia mlango akawa ndiye mshindani wake mkuu.

Mei 1963 KANU ilishinda kwa wingi mkubwa. Ngala aliongoza upinzani bungeni na kuilinda katiba ya majimbo iliyopatikana katika mazungumzo ya London ya mwaka wa 1962. Wabunge wake walihama mmoja baada ya mwingine. Novemba 1964 alivunja KADU na kujiunga na KANU, na majimbo yakazikwa. Mwaka wa 1966 aliteuliwa waziri.

Ngala alifariki tarehe 25 Desemba 1972, siku chache baada ya gari lake kupata ajali karibu na Konza, katika barabara ya Nairobi kwenda Mombasa. Alikuwa na umri wa miaka 49.

Leo barabara yenye shughuli nyingi katikati ya jiji la Nairobi ina jina lake. Wapitao humo wakielekea kwenye mikutano ya vyama vyao wangefaa kumkumbuka. Umati wa hasimu waweza kuwa ngao ya leo, lakini ngao ya kuazima hurudi kwa mwenyewe, na mara nyingine hurudi ikiwa silaha.