Kijana wa Mkulima Aliyezipa Herufi Namba

Muhula huu katika somo la kompyuta tulipewa kazi ndogo: tuandike programu ya kusoma neno na kuligeuza kuwa safu ya namba. Nilipoandika HABARI, kwenye skrini zikajipanga 72, 65, 66, 65, 82, 73. Wenzangu walishangilia wakaenda zao uwanjani. Mimi nikabaki na swali: nani aliyeanza kuzipa herufi namba?

Mpango huo unaoipa A namba 65 ulitolewa Marekani mwaka 1963. Lakini nilipofuata nyayo nyuma zaidi nilifika Ufaransa, kwa bwana mmoja aitwaye Émile Baudot. Si yeye wa kwanza kulifikiria jambo hili, maana Mwingereza Francis Bacon alikwisha kuandika herufi kwa alama mbili tu, tano tano, katika karne ya 17. Bacon alitaka kuficha siri. Baudot alitaka mashine ifanye kazi.

Baudot alizaliwa tarehe 11 Septemba 1845 katika kijiji cha Magneux, mashariki mwa Ufaransa. Babake alikuwa mkulima. Masomo yake rasmi yaliishia shule ya msingi, naye akashika jembe kama babake. Mwaka 1869 aliingia idara ya telegrafu, akafundishwa kutuma ujumbe kwa nukta na vistari vya Morse, kisha akapelekwa kujifunza mashine ya Hughes iliyochapa herufi zenyewe. Vita vya 1870 vilimchukua kwa muda, akarudi kazini Paris.

Hapo ndipo alipoona hasara. Waya mmoja mrefu, wa gharama kubwa, ulishikwa na karani mmoja, na kila alipotulia kidogo waya nao ulilala. Kwa nini wasiutumie watu kadhaa kwa zamu? Wakubwa wake walilipenda wazo, ila ati alifanyie kazi kwa wakati wake mwenyewe! Basi kijana wa watu akawa karani mchana, mvumbuzi usiku.

Hebu tazama tatizo lenyewe. Katika Morse, E ni nukta moja tu, na J ni nukta na vistari vitatu. Sikio la mtu aliyezoea hujua herufi inaishia wapi. Mashine inayogawa zamu haiwezi kungoja namna hiyo. Baudot akazipa herufi zote urefu mmoja: nafasi tano, na kila nafasi ina hali mbili tu, kibonye kimebonyezwa au hakikubonyezwa. Mara mbili, mara tano, unapata mipangilio 32. Kwa kuwa 32 haitoshi herufi na tarakimu pamoja, aliweka alama ya kuhama kutoka kundi moja hadi jingine.

Irabu zilitumia vibonye vitatu vya kwanza pekee. A ni cha kwanza, E cha pili, U cha kwanza na cha tatu, I cha pili na cha tatu, O vyote vitatu. Sisi wa leo tukivihesabu 1, 2 na 4, A inakuwa 1, E ni 2, U ni 5, I ni 6 na O ni 7. Neno OA, kwa hiyo, ni 7, 1. (Wasichana wa darasa letu walicheka sana kwa mfano huu.)

Kuitumia mashine hiyo hakukuwa mchezo. Karani alibonyeza vibonye viwili kwa mkono wa kushoto na vitatu kwa wa kulia, na ilimbidi afuate mlio wa mashine uliomwambia zamu yake imefika. Akichelewa, herufi imepotea.

Alipata hataza mwaka 1874, na mwaka 1877 mashine ikajaribiwa kati ya Paris na Bordeaux. Mwaka 1878 akapewa nishani ya dhahabu katika Maonyesho ya Paris. Lakini mwaka huo wa 1877 Louis Victor Mimault alikuwa amemshtaki, akidai kwamba wazo la alama tano ni lake. Mahakama ilimpa Mimault haki kwanza, kisha hukumu ikatenguliwa na yeye akaamriwa kulipa gharama. Mwishowe alidai fedha na heshima kutoka serikalini. Tume iliyoongozwa na Jules Raynaud ilipomkatalia, alimpiga Raynaud risasi akamwua. Nilisoma habari hizo mara mbili. Raynaud hakuwa amevumbua alama hata moja, na ndiye aliyekufa kwa ajili yake. Mimault naye sidhani alikuwa mwongo mtupu, kwani watu wawili wanaweza kufikia wazo moja kila mmoja kwa njia yake.

Baudot aliendelea na kazi, afya yake ikidhoofika, hadi alipofariki huko Sceaux tarehe 28 Machi 1903, akiwa na miaka 57. Katika miaka ya 1920 kipimo cha kasi ya kutuma ishara kikapewa jina lake: baud.

Sasa naitengenezea programu yangu mlango wa pili, uitwao Baudot. Irabu zimeshakubali. Konsonanti bado zinanisumbua.